Nani Aligusa Daftari? Historia ya Hifadhidata za Kilifi na Malindi

Mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na shirika la Wellcome Trust la Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford, ilianzisha kituo cha utafiti katika Hospitali ya Wilaya ya Kilifi. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Norbert Peshu na Kevin Marsh. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa malaria, na kuwahesabu walioletwa hakukuwa kazi ngumu: daftari la mapokezi lilitosha. Kilichowasumbua ni swali jingine. Watoto hao wametoka miongoni mwa wangapi? Mwakani wakipungua, je, ugonjwa umepungua, au watu wamehama, au mvua imekata barabara na wagonjwa wamefia nyumbani? Pasipo orodha ya watu wote wanaoishi kuizunguka hospitali, hakuna ambaye angeweza kujibu.

Historia ya hifadhidata katika pwani hii inaanzia hapo, kwenye haja ya kuwa na orodha inayoaminika. Waundaji programu wa leo wanapozungumzia kuziweka hifadhidata chini ya udhibiti wa matoleo, wanataka kile kile ambacho Kilifi ilikihangaikia kwa karatasi na kwa miguu: orodha ikibadilika, ijulikane nani ameibadilisha, lini, na kwa nini. Takwimu iliyotokana na mabadiliko yasiyoandikwa haina tofauti kubwa na uvumi.

Mmoja kati ya wangapi

Faida ya orodha ilionekana mapema. Katikati ya miaka ya 1990 Kilifi ilikuwa mahali pa jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa. Maeneo mengine yalipewa, mengine yakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kukapungua kwa asilimia 44. Asilimia hizo zisingepatikana kwa kukaa wodini. Zilipatikana kwa kujua vijijini mna watoto wangapi, nani kazaliwa na nani kazikwa.

Mwaka 2000 kazi hiyo ikapewa sura ya kudumu. Watu walihesabiwa boma kwa boma katika eneo la kilomita za mraba 891, lenye lokesheni 15, lililochaguliwa kwa sababu ndiko wanakotoka wengi wa wanaolazwa katika hospitali ya Kilifi. Tangu hapo, kila baada ya miezi minne, wahoji walirudi kwenye kila boma kuuliza kuhusu mimba, uzazi, kuhama, kuhamia na kifo. Miaka kumi baadaye rejesta ilikuwa na wakazi wapatao 260,000, na hospitali ilikuwa ikilaza watoto kama 4,400 na watu wazima kama 3,400 kwa mwaka. Mgonjwa alipofika, jina lake lilitafutwa katika rejesta kwa kompyuta papo hapo, ugonjwa wake ukaunganishwa na boma lake.

Kutafuta jina Kilifi si jambo la kubonyeza mara moja. Kwa desturi ya Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda, mtu huitwa jina lake likifuatwa na la baba, na mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida hurithi jina la babu. Charo Karisa akipata mwana, mwana ataitwa Karisa Charo. Mjukuu atakuwa Charo Karisa tena. Katika boma moja babu na mjukuu wanaweza kuwa na majina yale yale mawili kwa mpangilio ule ule, na baba katikati akawa na majina hayo hayo yamegeuzwa. Ongeza akina Kazungu, Katana, Safari na Baya wa boma la jirani, wake wenza wawili ambao kila mmoja ana Kadzo wake, na mama aliyerudi kwao kujifungua. Karani wa mapokezi hana budi kuuliza zaidi: mamake mtoto ni nani, mwenye boma ni nani, mnatoka lokesheni gani, mtoto ana umri gani. Akikosea safu moja, ugonjwa wa mjukuu umeandikwa kwa babu.

Kwa hiyo rejesta haikuweza kuwa orodha ya majina tu. Iliandika matukio. Mtu aliingia kwa njia tatu: kwa kukutwa siku ya sensa, kwa kuzaliwa, au kwa kuhamia. Alitoka kwa njia mbili: kwa kuhama au kwa kufa. Aliyehama hakufutwa, kipindi chake cha kukaa kilifungwa kwa tarehe, na akirudi kilifunguliwa kipya. Vituo vingine vya aina hii Afrika na Asia, vilivyoungana mwaka 1998 katika mtandao wa INDEPTH, vilikuwa na fikra hiyo hiyo. Mwaka huo huo Justus Benzler, Kobus Herbst na Bruce MacLeod waliandika muundo wa pamoja wa data kwa ajili ya kazi hii, na kiini chake ni watu, makazi, vipindi vya kukaa na matukio. Chagua tarehe yoyote, rudia matukio yote hadi siku hiyo, na utapata nani alikuwa akiishi wapi.

Matunda yake yanajulikana. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001, na kwa kutumia rejesta ya Kilifi watafiti walionyesha kuwa ugonjwa huo ulishuka kwa asilimia 88 katika miaka michache. Chanjo ya nimokoka ikaja Januari 2011. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maambukizi makali ya aina zilizomo katika chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kulinganisha kabla na baada kunadai kitu kimoja: «mkazi» wa 2000 na «mkazi» wa 2016 wawe wamehesabiwa kwa kanuni ile ile, na kanuni ikibadilika, badiliko liwe limeandikwa.

Umbo nalo hubadilika

Yaliyomo katika hifadhidata ni sehemu moja. Sehemu ya pili ni umbo lake: majedwali, safu, na masharti ya nini kinaruhusiwa kuandikwa wapi. Kilifi umbo hilo halikusimama. Mwaka 2008 ufuatiliaji ulipanuliwa hadi kliniki za chanjo za eneo hilo, na hifadhidata iliyozoea kuuliza juu ya vifo na kuhama ikalazimika kuuliza chanjo gani, lini, kliniki ipi. Kila swali jipya huleta safu mpya, na pengine jedwali jipya.

Kwa upande wa programu, ulimwengu ulikuwa umejifunza zamani kutunza historia. Marc Rochkind wa Bell Labs aliandika mfumo wa kwanza maarufu wa kudhibiti matoleo ya msimbo mwaka 1972. Baadaye zikaja CVS na Subversion, na mwaka 2005 Linus Torvalds akaanzisha Git, ambayo leo karibu kila mwanafunzi wa kompyuta anaijua. Mpangaji programu aliweza kuuliza mstari fulani uliandikwa na nani na siku gani, na kama ni mbovu akaurudisha ulivyokuwa.

Hifadhidata ilibaki nyuma kwa miaka mingi, na si kwa uvivu. Programu ikiharibika unaitupa na kuweka nyingine. Jedwali lenye watu 260,000 hutupi. Huwezi kulifuta na kulijenga upya kwa umbo jipya, maana ndani yake mna tarehe za kuzaliwa ambazo hakuna atakayerudi kuziuliza. Basi katika ofisi nyingi, za pwani na za kwingineko, mambo yalikwenda hivi: fundi mmoja anaingia moja kwa moja katika hifadhidata inayotumika, anaongeza safu, anaendelea na shughuli zake. Wiki mbili baadaye ripoti inakataa kufunguka kwenye kompyuta nyingine, ambayo bado ina umbo la zamani. Fundi akiacha kazi, sababu ya safu ile inaondoka naye.

Watu wa pwani wanaifahamu hali hiyo kwa upande wa ardhi. Tangu sheria ya hatimiliki ya 1908 iliyohusu ukanda wa pwani, hati inaonyesha mwenye shamba ni nani leo, lakini ugomvi unapofika mahakamani kinachotafutwa ni mlolongo: nani alimpa nani, lini, kwa ushahidi upi. Hifadhidata isiyo na historia ya mabadiliko ni hati isiyo na mlolongo.

Dawa ilipatikana katika miaka ya 2000, na wazo lake ni lile lile la rejesta ya Kilifi: usihifadhi hali peke yake, hifadhi hatua zilizoleta hali hiyo. Mwaka 2006 Scott Ambler na Pramod Sadalage walitoa kitabu kuhusu kuboresha hifadhidata kidogo kidogo, na mwaka huo huo Nathan Voxland akaanzisha Liquibase. Kila badiliko la umbo linaandikwa katika faili yake, linapewa namba au tarehe, linawekwa pamoja na msimbo wa programu. Hifadhidata yenyewe inakuwa na jedwali dogo la kumbukumbu: hatua hii imeshafanyika, saa fulani, na hii ndiyo alama ya yaliyomo ndani yake. Programu ikiwashwa inalinganisha faili na kumbukumbu, na inatekeleza zile tu ambazo bado. Ukichukua seva tupu na kuzipitia hatua zote tangu ya kwanza, utapata umbo kamili la leo. Sharti kubwa ni moja: hatua iliyokwisha kutekelezwa haiguswi. Ukigundua kosa, unaandika hatua mpya ya kulisahihisha, na la zamani linabaki likionekana.

Somo kutoka Eldoret

Mfano wa Kenya ulioikumbatia njia hii haukuzaliwa pwani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Wagonjwa wa Ukimwi walipoongezeka, mfumo ule ulielemewa. Kuanzia 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, Marekani, wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Moi, walibuni OpenMRS, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Kutoka hapo ikaenea Rwanda, Uganda, Msumbiji na mbali zaidi. KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya Kenya ni mtoto wake.

OpenMRS ilikuwa na watengenezaji waliotawanyika katika mabara kadhaa, na hospitali zenye matoleo tofauti. Mwanzoni mabadiliko ya hifadhidata yaliandikwa katika faili moja ya SQL iliyorefushwa kila mara. Baadaye wakahamia Liquibase, na kila moduli ikabeba faili yake ya hatua. Hospitali iliyochelewa matoleo matatu iliweza kuruka hadi la sasa, kwa kuwa hatua zote za katikati zilikuwa zimeandikwa kwa mpangilio.

Ndani ya majedwali yake kuna jambo ambalo karani wa Kilifi angelitambua mara moja. Katika OpenMRS rekodi ya mgonjwa kwa kawaida haifutwi, inabatilishwa. Safu zipo tayari: imebatilishwa au la, nani ameibatilisha, tarehe, na sababu. Kipimo cha uzito kikiandikwa kilo 91 badala ya 19, cha kwanza kinabatilishwa na kipya kinaandikwa kando yake. Na kwa majina, mtu mmoja anaruhusiwa kuwa na zaidi ya jina moja, moja likiwekewa alama kuwa ndilo linalopendelewa. Mfumo unaodhani kila mtu ana jina la ukoo lisilobadilika kizazi hadi kizazi ungekwama siku ya kwanza mbele ya Karisa Charo mwana wa Charo Karisa.

Chukulia kwamba mfumo fulani ulijengwa na safu moja tu ya jina, na sasa unatakiwa kutenganisha jina la mtu na la baba yake. Anayefuata udhibiti wa matoleo hafanyi hivyo kwa mkupuo. Hatua ya kwanza anaongeza safu mbili mpya na kuiacha ya zamani. Hatua ya pili ananakili majina yaliyopo, na yale yasiyogawanyika sawasawa anayatenga yaangaliwe na mtu. Kwa muda programu inaandika pande zote mbili, ili zahanati ambayo haijapata toleo jipya iendelee kufanya kazi. Ripoti zote zikishahama, hatua ya mwisho inaondoa safu ya zamani. Hatua zote hizo ziko katika Git, kila moja na jina la aliyeiandika na maelezo ya kwa nini.

Seva moja kwa nchi nzima

Wakati Kilifi ikiendelea na rejesta yake ya utafiti, takwimu za kawaida za serikali zilisafiri kwa njia nyingine. Zahanati ilijaza fomu ya mwezi, fomu ikapelekwa wilayani, wilaya ikajumlisha na kupeleka mkoani Mombasa, kisha Nairobi. Kila ofisi ilikuwa na faili zake za kompyuta, na nakala mbili za mwezi mmoja hazikulingana kila mara.

Programu ya DHIS, iliyoanzia Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilikuwa imezoea hali hiyo: toleo lake la kwanza lilikaa katika kompyuta ya kila ofisi, na data ikabebwa kwa faili kwenda juu. Lakini mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na simu za mkononi zikaanza kubeba intaneti hadi miji midogo. Mwanzoni mwa 2011 toleo lake la pili, DHIS2, lilijaribiwa Mkoa wa Pwani. Ilibainika kwamba ofisi za wilaya zingeweza kuifikia seva moja kwa modemu ya simu, bila kuhitaji seva yao wenyewe. Kabla ya mwaka kwisha mfumo ulikuwa umeenea Kenya nzima, na Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuweka takwimu zake zote za afya katika seva moja ya mtandaoni.

Hilo lilimaliza tatizo la nakala nyingi na kuleta jingine. Zamani fundi wa Malindi akikosea, kosa lilibaki Malindi. Sasa badiliko moja la umbo liligusa kaunti zote kwa usiku mmoja. DHIS2 yenyewe kwa miaka mingi ilibadilisha hifadhidata kwa msururu mrefu wa amri zilizoandikwa ndani ya msimbo, zilizojaribiwa tena kila programu ilipowashwa. Iliyokuwa imeshafanyika ilishindwa kimya, na mambo yakaendelea. Njia hiyo ilifanya kazi, ila ilificha makosa ya kweli katikati ya makosa ya kawaida. Mwaka 2018, katika toleo la 2.31, waliiacha na kutumia Flyway, chombo chenye faili za hatua zilizopewa namba na jedwali la historia. Sasa hatua ikishindwa, seva inasimama na kusema ni ipi.

Malindi yahama bila kusogea

Pwani ikapata mtihani mwingine, nao haukutoka kwa waundaji programu. Malindi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilifi hadi ilipofanywa wilaya yake yenyewe katika miaka ya 1990. Katiba ya 2010 ikafuata mipaka ya wilaya za 1992, na serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Malindi ilirudi chini ya Kilifi. Mkoa wa Pwani ukaondoka. Kaunti ya Kilifi ikawa na maeneo bunge saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Hospitali ya Wilaya ya Kilifi ikawa Hospitali ya Kaunti.

Katika DHIS2 kila zahanati ina mzazi wake katika mti wa utawala. Kuihamisha ni suala la kubadilisha mzazi, lakini mti unaonyesha ngazi kama zilivyo sasa. Zahanati ya Malindi ikihamishwa kutoka tawi moja hadi jingine, takwimu zake za 2011 zinahama nayo, na ripoti ya mwaka huo ikitolewa leo inapangwa kwa mipaka ambayo mwaka huo haikuwepo. Mtafiti anayelinganisha vitabu vya zamani na skrini ya leo anaona wagonjwa wametoweka upande mmoja na kuongezeka upande mwingine, ilhali hakuna aliyeugua wala kupona.

Flyway na Liquibase haziwezi kuokoa hapo. Zinatunza historia ya umbo, na mti wa utawala ni yaliyomo. Dawa ni kuutendea mti jinsi rejesta ya Kilifi ilivyomtendea mkazi: zahanati hii ilikuwa chini ya wilaya hii tangu tarehe hii hadi tarehe ile, kisha ikahamia kaunti hii. Data za marejeo za aina hiyo, kama orodha ya vituo, ya chanjo na ya mipaka, ni ndogo na hazina siri. Zinafaa kukaa katika hazina moja na msimbo, zikibadilishwa kwa hatua zenye maelezo.

Za wagonjwa hazifai. Git haisahau, jina lililoingia humo mara moja hubaki katika historia hata likifutwa kesho. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, na inaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada. Kituo cha Kilifi hushiriki data zake za utafiti kwa utaratibu tofauti: seti zake huorodheshwa katika hazina ya Dataverse ya Harvard, zikiwa na namba za toleo, na zenye mambo nyeti huombwa rasmi.

Mpaka ndio huo. Umbo na data za marejeo viwe katika udhibiti wa matoleo. Rekodi za watu zibaki katika hifadhidata, zikilindwa na safu za nani, lini na kwa nini. Kijana wa Malindi au Kilifi anayeajiriwa leo kutunza mfumo wa kaunti aanze kwa kudai vitu vitatu kabla ya kugusa jedwali lolote: umbo la sasa liandikwe kama hatua ya kwanza, kila badiliko baada ya hapo liwe faili yenye jina lake, na ruhusa ya kuingia moja kwa moja katika hifadhidata inayotumika iondolewe kwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwamo. Akinyimwa hilo la tatu, mawili ya kwanza hayatadumu hata mwaka.